Mbunge Aliyeacha Vyombo Vyake kwa Watu

Waliokaa uani kwa Mama Chanda, hapa Katuba, Jumamosi baada ya mazishi, ni hawa ninaowahesabu. Mama Chanda mwenyewe, dada mkubwa wa marehemu, tumbo moja na ziwa moja, amejifunga kitambaa kichwani na nywele zake zimechungulia pembeni, hazijakatwa, sote tuliziona na hakuna aliyesema. Mwansa, mwanawe, fundi wa kuunga vyuma, mtu wa miaka arobaini na watoto wanne; yeye ndiye mwipwa, mtoto wa dada, na yeye ndiye tuliyemkalia kikao. Mama Ngalula, mjane, ambaye wazazi wake walitoka Kasai, na kwao mila ni nyingine. Tata Chishimba wa Kasenga, aliyesafiri na marehemu katika kamyo, yaani lori, ya samaki tangu ujana wao, tena ukoo wake na ukoo wa marehemu ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kumtukana hata akiwa ndani ya sanduku. Mwalimu Kazadi, mkubwa wa shule wa zamani, sasa anatembea na fimbo. Bwana Ilunga wa chama, ambaye hakualikwa lakini hakufukuzwa. Na mimi, Mama Feli, ambaye marehemu aliegemeza kiti chake cha kunyolea watu kwenye ukuta wa nyumba yangu miaka sita. Wengine walikuwa jikoni na nje ya lupango, yaani ua, siwahesabu.

Aliyekufa ni mbunge wetu wa jimbo. Mmesikia kwenye redio, na picha yake mmeiona imebandikwa kwenye magari. Jina lake sitaliandika hapa, wala si kwa sababu nimelisahau, ninyi mnaonisoma mnajua majina hayanitoki. Mimi ni mtu wa Pweto, na mila zetu na za watu wa Kasenga zinafanana, kwa kuwa tumekunywa maji yanayotoka sehemu moja. Kwetu, mtu akishazikwa, jina lake linakaa kimya mpaka apatikane wa kulipokea. Tunaita kupyana. Wazee wanaketi, wanamkalisha mwipwa kwenye mkeka, wanamkabidhi chombo cha kazi cha marehemu: kama alikuwa mvuvi, wavu, kama alikuwa mhunzi, nyundo. Akishakishika, jina linaamka ndani yake, na hata mama yake mzazi anaanza kumwita ndugu yangu. Wasipokubaliana juu ya chombo kabla jua halijaingia, jina linalala mpaka mwisho wa kilio, mwaka mzima. Sasa Mama Chanda ana ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, na asubuhi ile alinishika mkono akaniambia, "Mama Feli, mwaka muzima miye sina nayo. Nataka nimwite ndugu yangu mbele ya kufa." Hilo ndilo lililotukalisha pale. Si jambo kubwa kwa serikali, lakini kwake hakukuwa na jambo jingine.

Mimi nilikuwa nimeshachanganyikiwa tangu siku ya mazishi. Bwana Ilunga alisimama na karatasi akasoma maisha ya marehemu kwa Kifaransa, kisha akageuza kwa Kiswahili. Alisema Honorable alianza kama mtaalamu wa usafirishaji katika mkoa wa Luapula, kisha akawekeza katika mambo ya urembo, kisha akaitumikia elimu ya taifa, na mwishowe wananchi wakamwita. Mama Chanda, aliyekuwa ameketi karibu nami chini ya turubai, aliniinamia akaniuliza polepole, "Mama Feli, banazika nani? Ule banasoma, miye simuyue." Yaani hamjui huyo anayesomwa. Nilitaka kucheka, nikaona aibu. Kisha nikaangalia sanduku na mimi pia nikawa sijui. Maana niliyemjua mimi aliendesha kamyo ya samaki makavu, akaja kukata nywele za watu kwangu, akarudi kusoma na watoto akiwa mtu mzima mwenye ndevu, akafundisha darasa la tano, ndipo akaingia ubunge. Sasa karatasi ile haikusema uongo hata mahali pamoja. Lakini mtu wangu hakuwamo.

Jumamosi wazee walipouliza swali la mila, "Kazi yake ilikuwa gani?", mimi nilidhani ni rahisi. Nilikuwa nimekuja na mfuko wa kitambaa mapajani, na ndani yake mashini ya mkono ya kukatia nywele. Aliniachia siku anaondoka kwenda kusoma. Aliniambia, "Mama Feli, unitunzie. Ile kazi ingine ikinikatala, nitarudia. Iyi njo kazi yangu ya kweli." Nimeitunza kwenye kopo la maziwa tangu Feli wangu alipokuwa mtoto, na sasa Feli ana wajukuu. Nilijiona kama mlinzi pekee wa mlango wa mtu yule. Nikafungua mfuko, nikaiweka mkekani, nikasema maneno aliyoniambia.

Tata Chishimba akainama nyuma ya kiti chake akatoa chuma kilichopinda, manivela ya kuamshia kamyo za zamani, kizito, akakitupa mkekani karibu na mashini yangu mpaka vumbi likaruka. Akasema, "Na mie alinipa iyi. Tulikuwa ku Kasenga, karibu ya maji. Akaniambia, Chishimba, unitunzie, kazi ya nywele ikinikatala nitarudia, iyi njo kazi yangu ya kweli." Mwalimu Kazadi naye alisimama kwa shida, akaenda kwenye mlango alikoegemeza kitu kilichofungwa kwa magazeti, akakifungua: rula kubwa ya mbao, ile ya kuchorea mistari ubaoni, imeandikwa nyuma yake kwa wino jina la marehemu na darasa la tano. "Siku alipochaguliwa," alisema Mwalimu, ambaye anasema Kiswahili cha vitabu hata akiwa na njaa, "aliniletea ofisini. Maneno ni hayo hayo. Sikuongeza wala sikupunguza."

Kila mmoja wetu alikuwa amekuja kama mke wa pekee, na akakuta wake wenzake mlangoni. Mjane, Mama Ngalula, alitutazama mmoja mmoja akasema, "Miye nililala na ule muntu miaka makumi tatu, sikuyua mambo ya kintu ata kimoja." Ndipo Tata Chishimba akapata ruhusa yake ya utani, akamgeukia marehemu kana kwamba amesimama pale kwenye mkeka: "Uyu muntu alikuwa muvivu sana. Kazi ikianza kumuyua tu, anakimbia. Kamyo ilimuyua, akakimbia. Nywele zilimuyua, akakimbia. Batoto ba shule balimuyua, akakimbia. Lelo bubunge bulianza kumuyua, ona, amekimbia mpaka ku makaburi." Watu wa jikoni walicheka mpaka wakaacha kukoroga bukari, ugali wetu. Mama Chanda pia alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

Bwana Ilunga alingoja kicheko kiishe. Naye alikuwa na kitu chake: kitambaa cha bega, chenye rangi za bendera, kile wabunge wanachovaa siku za heshima, kimekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Akakiweka mkekani juu kidogo ya vitu vyetu. "Bazee," alisema, "mumuheshimu. Alikufa mubunge. Mutu anapyaniwa na kazi yake ya mwisho. Jina ya Honorable iko na nguvu mu kartie, mu mitaa yote, kiti kisibaki wazi. Mwansa akishika iyi, chama kitamusimamisha." Kwa kweli hakusema vibaya. Nilijiuliza hata mimi: kwa nini tubishane juu ya vyuma vya kutu wakati mtu alikaa kwenye viti vya kuzunguka? Mwansa alitazama mikono yake, ile mikono ya fundi wa moto yenye alama za kuungua. "Yomba alinipenda," alisema, akimtaja mjomba wake. "Lakini miye niko na chuma mu mikono. Mukinipa ile kitambaa, kesho bantu ba Katuba yote batakuya ku mulango yangu na mashida yabo. Nitabajibu nini? Yeye mwenyewe alikuwa anabajibu nini?"

Marehemu alikuwa haongei sana kule bungeni. Tunakumbuka mara moja tu alisimama na kushikilia jambo: alitaka pawe na sheria ya jimbo kukataza kamyo za samaki kupakia watu juu ya magunia katika njia ya Kasenga. Aliwahi kuendesha, alijua. Kuna safari moja aliyoiendesha, ambapo mwanamke aliyekuwa amekaa juu ya magunia hakufika naye, na hakuwahi kuniambia jina la mwanamke huyo ingawa nilimwuliza. Mwalimu Kazadi anasema sheria ile ilipita, alisoma mwenyewe. Tata Chishimba anasema haikupita, kwa sababu yeye amefika juzi kwa mazishi akiwa ameketi juu ya magunia. "Ilipita," alisema Mwalimu. "Basi haikufika ku Kasenga," alisema Tata Chishimba, "labda ilikosa nafasi mu kamyo." Hata Bwana Ilunga, ambaye ni mtu wa chama, hakuweza kutuamulia. Ninapoandika hivi bado sijui. Mtu anafanya kazi ya kutunga sheria miaka yote ile, anakufa, na rafiki zake wanabishana kama sheria yake ipo. Bora nywele: ukikata, zinaanguka chini, unaziona.

Niwaambie jinsi alivyokata. Alikuwa hakuulizi unataka mtindo gani. Alikuuliza umetoka wapi na unakwenda wapi, halafu akakata kulingana na jibu. Anayekwenda kutafuta kazi alikatwa hivi, anayekwenda kuomba mke alikatwa vile. Mtu aliyesema haendi popote alimwambia, "Basi ungoje, kuko benye safari." Nakumbuka wote waliokaa kwenye kiti kile: Kalenga wa mbao, Mumba aliyebeba barua, Kyungu na mapacha wake, Banza aliyekuwa na kovu na hakutaka lionekane. Na nakumbuka siku mume wangu alipokufa. Rafiki yetu alikuwa tayari mbunge. Gari lake lilisimama barabarani, akashuka amevaa koti, na mlinzi nyuma yake. Nilidhani ataketi dakika tano kwenye kiti cha wakubwa, aandike kwenye daftari la rambirambi, aondoke. Alivua koti akampa mlinzi alishike, akaniuliza, "Mama Feli, mashini iko?" Nikamletea. Akawakata wanangu wote wanne, mmoja mmoja, pale uani, kama mila inavyotaka kwa waliofiwa. Alipofika kwa Feli, Feli akaruka. Naye mbunge akasema, "Mama Feli, iyi mashini inauma. Yangu haikuwa inauma." Watu wakacheka, kilio kikapata nafuu. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni utani.

Jumamosi, mbele ya mkeka ule, neno hilo lilinirudia. Maana marehemu mume wangu naye alikuwa na mashini yake ya kukatia watoto. Zilikaa pamoja katika kopo moja. Na wakati fulani, kabla mume wangu hajafa, tulipokuwa tunapaka nyumba rangi, moja iliazimwa na jirani na haikurudi. Nilidhani iliyokwenda ni ya mume wangu. Lakini ni nani aliyetoa kopo siku ile? Ni mimi au ni Feli? Nimekaa na majina ya watu wote wa mtaa kichwani kama mtu mwenye duka, lakini mashini mbili za chuma, zenye meno sawa, sikuwahi kuzipa majina. Na wakati huohuo jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye ukuta wa jirani, na wazee hawajakubaliana, na Mama Chanda alikuwa anahema kwa shida.

Aliinua mkono, tukanyamaza. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo waliyebaki naye. Akasema, "Kitambaa ni ya serikali, itarudia kwa serikali. Manivela, kamyo yake ilikufa zamani. Rula, Mwansa hakusoma sana, batoto batamucheka." Mwansa alitabasamu kidogo. "Mashini. Mama Feli, weye unakumbukaka bantu bote na mambo yabo. Sema mbele ya bakubwa aba. Iyi mashini ni ya ndugu yangu?"

Ndugu wasomaji, nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Neno lilikuwa fupi. Niliangalia nywele zake zilizochungulia chini ya kitambaa, maana sasa nilielewa kwa nini hakukatwa siku ya pili baada ya mazishi kama wenzake: tangu ujana wao ni marehemu ndugu yake tu aliyemkata, na alikataa mkono mwingine. Niliangalia ukuta wa jirani. Nikasema, "Ni yake." Na ili wanisadiki nikawataja wote waliokatwa nayo, Kalenga, Mumba, Kyungu na mapacha, Banza, mmoja baada ya mwingine, watu ishirini na kitu, mpaka Mwalimu Kazadi akatikisa kichwa kwa heshima. Majina yote yalikuwa ya kweli. Ni mashini tu nisiyoijua.

Wakamkalisha Mwansa kwenye mkeka, Tata Chishimba akamwekea mashini mikononi. Kwa mila ilitosha aishike tu. Lakini Mama Chanda alifungua kitambaa, akavuta kigoda chake mbele ya mwanawe, akampa kisogo. Mwansa hakuwahi kumkata mtu maishani mwake. Alituangalia kama mtu aliyetumwa kuingia majini bila kuogelea. Mke wake akaleta mafuta ya kupikia, wakapaka meno ya ile mashini, naye akaanza kutoka shingoni kupanda juu, mashini inalia kriki kriki. Nywele nyeupe zikaanza kuanguka. Alipofika juu ya sikio, Mama Chanda akakunja uso. "Inauma," alisema.

Watu wote uani wakapiga makofi. Watu waliokuwapo kwenye kilio cha mume wangu waliukumbuka utani ule, wakapaza sauti kwamba ndiyo yenyewe, njo ile ile, mashini ya Honorable inaumaka. Hata Bwana Ilunga alicheka akakirudisha kitambaa ndani ya nailoni. Kilichokuwa ushahidi kwao, kwangu kilikuwa kinyume chake. Yangu haikuwa inauma, ndivyo alivyosema mtu yule kwa mdomo wake. Nilikaa na mfuko mtupu mapajani, sikupiga makofi, wala sikulia. Kisha Mama Chanda, bila kugeuka, akainua mkono akashika kile kifundo cha mkono cha Mwansa chenye alama za moto, akataja jina. Jina zima, la nyumbani na la ubatizo. Akasema, "Polepole, ndugu yangu. Haraka ya nini." Na Mwansa akaitika.

Tangu siku hiyo nawaza, na mawazo hayajatulia. Watu husema mshika mbili moja humponyoka, na wengi walimsema marehemu hivyo, kwamba hakukaa katika kazi. Lakini yeye hakushika mbili. Kila alipoacha moja aliiweka kwanza mkononi mwa mtu, na akamwambia kwamba hiyo ndiyo ya kweli. Alitudanganya sote watatu? Au alisema kweli mara tatu, kwa sababu siku unapoacha kazi ndiyo siku unayoipenda zaidi? Au alikuwa mtu mwenye hofu, ambaye kila alipopanda ngazi alitaka mtu amshikie ile ya chini? Tungemwuliza. Alikuwa anapita barabara hii kila wiki, anapunga mkono dirishani, na mimi nilikuwa na mashini yake ndani ya kopo, na sikuwahi kumsimamisha nikamwuliza, mwanangu, bado unataka kurudi? Mnaotunzia watu vitu, waulizeni wakiwa hai. Akishazikwa, utakachosema ndicho kitakachokuwa kweli, na utabaki wewe na kweli yako hiyo nyumbani.

Mama Chanda anaendelea vizuri kidogo, na kila asubuhi anamwita ndugu yake kwa jina, naye anaacha moto wake wa kuungia vyuma na kwenda kumsalimu. Mkitaka kulisikia jina lenyewe, piteni pale karakana. Mimi siligusi, maana sijui liliamshwa kwa mashini ya nani. Lakini kama wewe ni mtoto wa Kalenga, au wa Kyungu, au wa yeyote aliyekaa karibu nasi mwaka tuliopaka nyumba rangi ya kijani, na katika vitu vya wazazi wako mna mashini ya mkono ambayo ukiipitisha kichwani haiumi, njoo uniambie kama nimekosea. Usiende kwa Mama Chanda. Njoo kwangu.